Nilivyoacha kuchora mji wa kesho kutoka angani

Jamani kwa muda mrefu nilikua nachora miji ya miaka ijayo kwenye kompyuta na kila picha ikitoka inavutia kweli, minara inang'aa, madaraja yanapita juu kwa juu, ila nikiirudia kesho yake naona kabisa hapa haishi mtu. Nikaongeza taa, ukungu, vyombo vinavyopaa, wapi, ndo kwanza inazidi kua tupu.

Kilichonifumbua macho ni kamera. Siku zote nilikua naiweka juu kama ndege anavyoona, siku hiyo nikaishusha mpaka mita 1.6, usawa wa macho ya mtu aliyesimama, na lenzi nikaweka ya milimita 35 badala ya ile pana. Giza! Saa nne asubuhi na barabara nzima iko kama magharibi. Nikapiga hesabu, mnara wa mita 300 jua likiwa nyuzi 45 kivuli nacho kinaenda mita 300, likishuka hadi nyuzi 30 kinapita mita 500, na mi nilikua nimepanga minara arobaini imebanana.

Nikakumbuka michoro ya mkaa ya Hugh Ferriss, mchoraji wa majengo wa Marekani. New York mwaka 1916 walipitisha sheria ya kulazimisha majengo marefu yarudi nyuma kadiri yanavyopanda ili mwanga na hewa vifike chini, basi yeye mwaka 1922 akachora hatua kwa hatua bonge la jengo linavyokatwa na hiyo sheria mpaka linapata umbo. Nikasema na mimi nikate hivyo hivyo, ila kisu changu kiwe jua lenyewe.

Natumia Blender, programu ya kuchora vitu vya 3D, ni ya bure. Nilifuta minara yote, roho iliniuma sana maana ilikua kazi ya wiki tatu, nikajaza mabonge ya kijivu matupu, katikati nikaacha kauwanja nikasema hapa lazima jua lifike toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa mchana. Kila saa nahamisha taa ya jua, naangalia bonge gani linaziba, nalikata, narenda (yaani kompyuta inanitolea picha kamili) kapicha kadogo ka haraka, nahamisha tena. Na majira pia uyaangalie, jua la Juni na la Desemba hayapiti njia moja. Tekscha, yaani sura ya nje kama vioo au matofali, usiziguse kabisa hatua hii, ukiwahi kuweka vioo unaona pazuri kumbe ni mng'ao tu, mwanga hakuna.

Yakatoka maumbo ambayo nisingeyawaza maisha yangu yote, jengo lina mgongo wa mteremko, lingine limetobolewa katikati, na zile sehemu zilizokatwa zikawa mabaraza ambayo watu wanaweza kupanda mboga, kuanika nguo, kukaa tu.

Nikaweka na umbo la mtu wa mita 1.7 pembeni ya kila kitu kama rula. Ndo nikagundua vidato vya ngazi zangu vina sentimita 30, mzee gani atapanda hapo, nikavishusha vikawa 17.

Sasa hivi niko kwenye picha ya jioni, kuna tundu kwenye jengo la magharibi linapitisha mwanga mwembamba hadi kidato cha tatu cha ngazi ambapo nimemkaliza bibi mmoja, miguu iko juani kichwa kivulini, bado nalisogeza hilo tundu kidogo kidogo mpaka mwanga umfikie na mikononi.