Mkebe wa Kimbo

Shangazi alifika kwangu Umoja, Nairobi, Jumamosi moja ya Februari 2024, mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo wa kilo mbili ukiwa ndani ya kiondo. Kifuniko kilikuwa kimeshika kutu, nikakibandua kwa kijiko. Mlikuwa na karatasi zake zote tangu 1989, zimekunjwa zikakunjwa tena, za juu zikiwa na alama ya duara ya rangi ya kahawia mahali kutu ilipogusa.

“Msijiwekee hazina duniani, nondo na kutu viharibupo,” akasema, kisha akacheka peke yake. Alikuwa na miaka 56. Kumi ya kwanza ya kazi yake alishona mashati kiwandani Baba Dogo. Mwaka 1999 aliacha, akahamia makao ya kundi lake la dini, akapika jikoni kwao miaka 23 kwa malazi, chakula na posho. Walifundishwa kwamba mwisho umekaribia, na kwamba anayejiwekea ya uzeeni hana imani, kwani uzee wenyewe hautafika. Alitoka 2022 akiwa na cherehani, nguo na mkebe huo.

Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya kutunza rekodi za mfuko wa pensheni kwa miaka mingi, ndiyo maana alinijia. Swali lake lilikuwa lile la wote wanaotoka katika makundi ya aina hii: nianze vipi kuweka akiba? Nikamwambia hilo ni swali la mwisho, Shangazi. Kwanza tujue ni kipi tayari ni chako na umekisahau, halafu ni nani unayemdai.

Tukamwaga karatasi juu ya meza. Risiti za kundi zilikuwa zaidi ya mia mbili, zote za kitabu kimoja chenye karatasi ya waridi. Kila moja ilikuwa na mstari wa “Kwa ajili ya”, na hapo ndipo macho yanapaswa kwenda, si kwenye kiasi. Karibu zote ziliandikwa “Sadaka” au “Shukrani”. Hizo tulizifunga kwa raba tukaziweka kando. Kitu ulichokitoa kama zawadi kwa hiari yako hakirudi kwa sababu umebadili mawazo, na wakili anayekuahidi vinginevyo anataka ada yake tu. Ile miaka 23 jikoni nayo haikuwa na hati ya mshahara, barua ya kazi wala mchango hata mmoja wa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Niliona amenuna nilipomwambia. Hakusema neno.

Lakini risiti tatu zilisema kitu tofauti, kwa mwandiko wa mweka hazina yule yule: “Mkopo wa ujenzi, utarudishwa Desemba”. Ya 2014 ilikuwa ya shilingi 15,000, ya 2016 shilingi 40,000, ya 2019 shilingi 60,000. Shangazi aliuza ng’ombe wa mama yake kupata hizo za mwisho. Akaanza kujumlisha kwa vidole, 115,000, nami nikamkatiza. Kwa sheria ya Kenya ya ukomo wa madai, deni la mkataba hudaiwa ndani ya miaka sita tangu siku lilipostahili kulipwa. La 2014 lilikufa Desemba 2020, la 2016 likafuata Desemba 2022. La 2019 lilikuwa hai hadi Desemba 2025. Alikuwa na miezi ishirini na kitu, basi. Watu wengi hutumia miezi hiyo kulia na kusali.

Tuliandika barua usiku huo, ukurasa mmoja. Nilimzuia asitie humo habari za mafundisho, za miaka iliyopotea, wala za mzee fulani aliyemtukana mbele ya watu. Barua ya kudai deni ina vitu vinne: tarehe, kiasi, nakala ya risiti, na swali moja la wazi, yaani mtalipa lini? Ukiongeza la tano unampa mwenzako nafasi ya kujibu hilo la tano na kuyaacha mengine. Akaitia sahihi. Nakala moja akaipeleka mwenyewe, na kwenye nakala yake mpokeaji akagonga muhuri wa “Imepokelewa”. Asiyeuchukua muhuri huo hana barua.

Jumatatu tukateremka Community, tukapanda hadi makao makuu ya NSSF, Social Security House, Bishops Road. Taarifa ya michango ingeweza kutolewa pia Huduma Centre ya GPO, ila nilijua tatizo letu lingetaka makao makuu: jina. Kadi yake ya NSSF ya 1989 ilikuwa na jina la nyumbani, lile la bibi yake. Kundi halikutaka majina ya mababu, kwa hiyo alipobatizwa alipewa jipya, na mwaka 2001 akabadilisha hata kitambulisho. Namba ya kitambulisho ilibaki ile ile, nayo ndiyo iliyotuokoa. Karani akaona namba inalingana, majina hayalingani, akataka hati ya kiapo kwamba mwenye majina haya mawili ni mtu mmoja.

Hapo Shangazi akagoma kama punda. Miaka yote walikatazwa kuapa. Ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Ametoka kundini, ila mkono wake ulikuwa bado haujatoka. Wakili tuliyempata, chumba kidogo chenye mashine ya kuchapa na picha ya rais, alishawaona wengi wa namna hiyo. Akamwambia sheria ya viapo inamruhusu yeyote kuthibitisha badala ya kuapa, na nguvu yake ni ile ile. Akabadilisha maneno mawili kwenye hati. Dakika kumi na shilingi 300. Nawaambia wanaohudumia watu hawa: msimcheke mtu hapo. Ukimlazimisha ataenda nyumbani, na hatarudi.

Taarifa ilipotoka ilikuwa na mapengo. Aprili 1994 hadi Mei 1996 hapakuwa na kitu, miezi 26, ilhali hati zake za mshahara kwenye mkebe zilionyesha amekatwa shilingi 80 kila mwezi. Mwajiri alipaswa kuongeza 80 zake akapeleka 160. Alikata hakupeleka, na kiwanda kilifungwa zamani. Mara 26 ni shilingi 4,160 kabla ya riba. Tuliacha nakala za hati, nikamweleza wazi asizihesabu kama pesa. Na hata miaka yote kumi ingekuwa kamili, 160 kwa miezi 120 ni 19,200. Riba ya miaka thelathini inaikuza, haiigeuzi kuwa nyumba. Umri wa kustaafu NSSF ni 60, ingawa aliyeacha kazi anaweza kuomba kuanzia 50, na Shangazi alitaka pesa zote siku hiyo hiyo.

Nikamuuliza za nini. Ikajulikana kuwa kuna kijana waliyetoka naye kundini, mwenye mpango: weka 20,000, baada ya miezi mitatu chukua 60,000. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa waliotoka, na si ujinga. Mtu aliyezoea kuambiwa mambo na anayesema kwa uhakika bila kupepesa macho humtafuta mwingine wa aina hiyo bila kujua. Nilimwomba amuulize kijana swali moja tu: leseni yenu ni ya nani? Wanaokusanya pesa za watu wawekeze husajiliwa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, Sacco (vyama vya kuweka na kukopa) zinazopokea akiba husimamiwa na Sasra, mifuko ya pensheni na RBA, na orodha ziko wazi. Kijana akajibu kwamba Mungu hahitaji leseni. Shangazi alikunja simu ndani ya leso, tukaendelea.

Akaunti ya benki aliyolipiwa mshahara wa Baba Dogo ilikuwa haijaguswa tangu 1999. Akaunti iliyolala miaka mitano fedha zake hupelekwa UFAA, mamlaka ya mali zisizodaiwa, na unaweza kuanza kwa kubonyeza *361#. Tulibonyeza tukiwa kwenye foleni ya chai. Aliacha humo kama 3,000, akakumbuka alitaka kununulia kitenge.

Mipango ya mbele tuliifanya kibandani pale nje, juu ya karatasi ya chapati. Anashona sare za shule, Januari kunajaa, Julai kunakauka, kwa hiyo akiba ya mwezi kwa kiasi kimoja ingemshinda kufikia Machi. Tukahesabu kwa siku. Shilingi 100 kila siku ya kazi, siku 26, ni 2,600 kwa mwezi na 31,200 kwa mwaka. Elfu thelathini za mwanzo zikae mahali pa kuchukulika haraka, maana meno na paa havingoji. Baada ya hapo 25 za kila siku ziende Haba Haba, mpango wa akiba wa NSSF, kwa *303#, zilizobaki kwenye Sacco. Hadi afike 70 ni miaka 14, yaani 436,800 bila riba. Ukigawa kwa miezi 180, yaani miaka 15 ya uzee, ni 2,426 kwa mwezi, juu ya zile 2,000 za Inua Jamii, posho ya serikali kwa wazee, ambazo aliyetimiza 70 anaweza kuandikishwa kuzipata. Si nyingi. Na bima ya afya, wakati huo ilikuwa NHIF ya 500 kwa mwezi, niliiweka kabla ya vyote. Kitanda kimoja cha wiki hospitalini kinakula mahesabu yote hayo.

“Mwanangu, kumbe nitazeeka,” akasema, akipangusa vidole mafuta ya chapati.

Jibu la barua lilikuja wiki ya sita. Alinipigia akilia, akanisomea: katibu anasema deni la shilingi 60,000 la mwaka 2019 wanalitambua, lakini hazina ya kundi haina fedha kwa sasa, na dada yetu aombee roho ya uchungu imtoke. Nikamwomba arudie sentensi ya kwanza. Akarudia. Nikamuuliza kama kuna sahihi na tarehe. Vipo. Basi wamekiri kwa maandishi, na mwenye deni akikiri hivyo kabla muda haujaisha, ile miaka sita huanza kuhesabiwa upya, tangu tarehe ya barua yao.

Akanyamaza kidogo. Halafu akaniuliza kama kutoa nakala kwa yule kijana wa mashine ni shilingi tano au kumi, kwa sababu anataka tatu.