Sufuria mbili

"Wifi, wewe ukija inabidi tupike sufuria mbili."

Ni hayo tu. Kayasema wifi yangu mkubwa kule Muheza, mkesha wa harusi ya shemeji, kainama anapuliza moto chini ya kisamvu, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Hakunyanyua uso. Nikajibu upesi, "Samahani wifi yangu, nawapa kazi." Akasema, "Aa, wala," akakohoa moshi, akaendelea kupuliza.

Harusi imepita salama, shemeji kaoa, bibi harusi kapendeza, mvua ikanyesha, umeme ukakatika katikati ya ngoma, tumerudi Tanga na mizigo yetu. Mimi bado niko pale jikoni. Nikikanyaga cherehani nayasikia yale maneno. Nikikata kitambaa nayasikia. Usiku mume wangu kalala, mimi natazama chandarua najiuliza ile "Aa, wala" ilikuwa fupi au alivuta. Angevuta, maana yake hapana wifi, usijali. Akikata, maana yake ndiyo, unatupa kazi, lakini tufanyeje. Nimejaribu kuisema kwa sauti nikiwa peke yangu, mara hivi mara vile, na zote mbili zinafanana na yeye.

Mnaonifuata siku nyingi mnaijua ile sufuria ya pili. Ni ndogo, imepondeka ubavuni, mfuniko wake si wake, wa sufuria nyingine. Humo ndimo unamopikwa mchuzi wangu wa samaki bila jani hata moja, wakati sufuria kubwa imejaa kisamvu cha nazi au matembele. Wenzangu wanakula sinia moja ukumbini, mikono inapishana, mimi naletewa sahani yangu. Nakaa nao mkeka mmoja, ni kweli. Lakini aliyewahi kula sinia na kina mama wa pwani anajua kwamba mazungumzo yanakwenda na tonge, na mwenye sahani yake yuko pembeni hata akiwa katikati.

Hii habari ilianza niliporudi kutoka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na valvu ya chuma kifuani, yaani kilango cha moyo cha kutengenezwa. Mume wangu alipiga simu kwao siku ile ile, kachoka, hajalala, akawaambia dawa ninayopewa haipatani na mboga za majani. Mama mkwe akasikia amri. Kuanzia siku hiyo hakuna jani lililopita mbele yangu kwenye nyumba ile. Na aliyefanya hivyo anapenda mpaka anatisha, huyu ndiye mama aliyesali kila usiku nilipokuwa nimelazwa, nitamwambia nini?

Walichosema hospitali ni kingine. Warfarini, hiyo dawa yenyewe, haikatazi mboga. Ini letu linatumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na warfarini inaibana kazi hiyo ili damu isigande kwenye ile valvu. Mboga za majani ya kijani zina vitamini K nyingi. Basi ukila mlima wa kisamvu leo, kesho usile, keshokutwa ule tena, kipimo kinapanda na kushuka, na daktari hajui akuongezee au akupunguzie. Wanachotaka ni kiasi kile kile wiki hadi wiki. Upawa mmoja wa mchicha mara kadhaa kwa wiki, uwe upawa mmoja kweli. Nyumbani kwangu ndivyo ninavyoishi na tunaelewana, mimi na mchicha wangu. Hata mlonge wa unga anaonitumia mama mkwe kwenye kopo la maziwa, ambao kila mtu anauapia, ni majani yale yale yaliyokaushwa. Nimeuweka kabatini. Sijautupa, siwezi kutupa kitu alichokitwanga kwa mkono wake.

Nimewaeleza Muheza. Nimewaeleza nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, kwenye simu. Wananiitikia, "Haya mwanangu, tumekuelewa," na mara nyingine nikienda, sufuria ndogo iko jikoni. Wanaogopa. Wao waliniona kabla ya upasuaji, midomo imebadilika rangi, nalala nimekaa, nimeegemea mito kwa sababu nikilala chali pumzi inakata. Mtu aliyeona hayo hataki awe yeye aliyempa mgonjwa kijiko kilichomuua.

Kwa hiyo wifi kasema kweli. Nikija, sufuria ni mbili. Kuni ni nyingi zaidi, maji ya kuoshea ni mengi zaidi, na anayeziosha ni yeye. Kinachoniuma si uongo. Kinachoniuma ni kwamba miaka yote hii nilidhani hakuna mtu anayehesabu.

Usiku wa kuamkia harusi moyo ulinianza. Nilijua utanianza, nilikuwa nimechoka, nimekula chumvi ya wenyewe, na nimelala chumba cha watu wengi, joto. Ulipaparika kama kuku aliyefungwa miguu ndani ya tenga, ukapiga haraka haraka, ukasita, ukapiga tena moja kubwa iliyonipanda hadi kooni. Nilishika mshipa wa mkononi kama nilivyofundishwa, nikahesabu, nikapoteza hesabu kwa sababu mapigo hayana mpango. Hili si geni kwangu. Chumba cha juu cha moyo, upande wa kushoto, kilishatanuka zamani kwa ile valvu ya mwanzo iliyoziba, na chumba kikitanuka umeme wake unapotea njia. Ndiyo maana kila asubuhi namwagiwa mkononi vile vidonge vingine, cha kupunguza mwendo wa moyo, cha kupunguza maji. Nilikaa kitako, nikaweka miguu chini, nikavuta pumzi kidogo kidogo. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba valvu ilisikika, tik tik, tik, tik tik tik. Binti wa wifi aliyelala karibu yangu akageuka, akauliza usingizini, "Mama mdogo, saa ngapi?" Nikamwambia lala mwanangu, bado usiku.

Uliponitulia nilikuwa na jambo moja kichwani, na halikuwa kifo. Ilikuwa sufuria.

Na haya yote chanzo chake koo. Nikiwa darasa la tano niliugua mafindofindo, yakaisha, baadaye viungo vikavimba kwa zamu, leo goti, kesho kifundo, keshokutwa kiwiko. Watu wakasema malaria, wakasema naringa, wakasema nakua. Ilikuwa homa ya baridi yabisi, na ilipoondoka kwenye magoti ilikuwa imeshauma moyo. Mama yeyote mwenye mtoto anayelalamika koo na ana homa, ampeleke apimwe, akiandikiwa penisilini ammalizie dozi. Narudia kila mwaka na nitarudia.

Magoti yenyewe hayakuniacha. Harusini nimesimama sana, yakavimba, na dawa zote nzuri za magoti mimi ni marufuku. Diklofenaki hapana, aspirini kwangu hapana, zinachubua tumbo na kuongeza kutoka damu juu ya warfarini. Dada mmoja, mgeni wa upande wa bibi harusi, kanifungulia pochi kwa huruma kabisa, "Shika hii, mimi ikinibana naimeza hii, dakika kumi tu." Nikamshukuru, nikamrudishia. Kaona nimemdharau. Nimemeza parasetamo yangu nikakaa na waliokaa.

Sasa kipimo. Mnakumbuka yale ya jino niliyoandika, nilivyopewa Flagyl dukani na nikaambiwa haina shida, wakati nimetaja warfarini kwa mdomo wangu na kadi nimeitoa. Ina shida. Inalizuia ini lisiimalize warfarini, inajaa mwilini, na mimi nikaamka mto una damu ya fizi, mapaja yamevilia madoa nisiyojua nilijigonga wapi. INR, ile namba inayoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda, ilisoma 5.4, wakati yangu, kwa valvu ya chuma ya upande niliowekewa, inatakiwa kati ya 2.5 na 3.5. Wakasimamisha dawa, wakairudisha kwa kidonge kidogo kidogo, na tangu hapo imekuwa ikiyumba, mara iko juu, mara imeshuka chini ya mbili, na chini ndiko ninakokuogopa zaidi. Ikiwa juu, damu inatoka na unaiona. Ikiwa chini, damu inaganda mahali usipopaona, donge likikatika linakwenda kichwani.

Hata ile sindano ya penisilini ya kila wiki nne, ya kuzuia ile homa isirudi, walikuwa wameiahirisha, kwa sababu kuchoma msuli na damu haigandi ni kujitafutia uvimbe wa damu paja zima. Kwa hiyo nilikwenda kliniki nimebeba mambo mawili, kipimo na sindano, na la tatu ambalo haliandikwi kwenye kadi.

Nesi kanichoma kidole. Nesi yule mrefu, mnamjua. Kaangalia, kaandika, hakusema neno, mimi nimekodoa macho kwenye kalamu yake. Mbili. Nukta. Tisa.

2.9!

Nilisimama nikamkumbatia. Akacheka, "Kaa chini mama, bado sindano." Nikachomwa, dawa ile nzito unaisikia inavyosukumwa, nikabonyeza pamba muda mrefu kama walivyoniagiza, na sikujali hata kidogo. Nimetoka nje ya geti jua linawaka, nikanunua embe, nikalila nimesimama pale pale, maji yanatiririka mpaka kwenye kiwiko. Wiki nyingi sijala kitu kwa raha namna ile. Mtu anayeishi na namba atanielewa. Namba ikikaa mahali pake unajiona una haki ya kupanga mambo ya mwezi ujao.

Dawa nazo wamebadilisha. Vile vya waridi havipo, nimepewa vya kampuni nyingine, vyeupe. Nilikaa kwenye benchi la nje na boksi mkononi, nikasoma miligramu, nikamrudia mfamasia nikamwomba asome na yeye kwa sauti. Kasoma, hakukasirika, Mungu ampe heri. Nawaambia wenzangu wa warfarini: msizoee rangi. Someni namba kila mara boksi likibadilika, na mkikata nusu, kateni kwa wembe mpya juu ya sahani, si kwa meno.

Njiani kurudi nikajikuta namuwaza wifi tena, ila sasa kwa namna nyingine. Nilikumbuka kitu ambacho wiki nzima sikukiona. Alipopakua, sahani yangu ndiyo ya kwanza kutoka jikoni, kabla ya masinia ya wageni, kabla ya mashehe. Kaileta mwenyewe, wala hakumtuma mtoto. Samaki alikuwa changu, kipande cha katikati, na wengine walikula dagaa. Sijui kama hilo linafuta lile. Nadhani vyote viwili ni vyake, kuchoka na kunipakulia kipande cha katikati, na ni mimi niliyetaka awe na kimoja.

Jioni nikampigia. Nilikuwa nimejipanga, nimeandika hata pembeni ya daftari la vipimo. Tukasalimiana, tukamaliza ya harusi, tukamsema kidogo mpambaji. Nikamwambia, "Wifi, Idi nikija nipakulie kisamvu upawa mmoja. Daktari anajua. Ile sufuria ndogo pikia chai." Akanyamaza. Nikasikia jogoo upande wake. Akasema, "Mama atakubali?"

Nikamwambia tutamweleza pamoja, mimi na wewe. Akasema, "Haya wifi." Hii haya nayo nimeshaanza kuigeuzageuza, lakini leo sitaki. Leo niko 2.9.

Kinachonikosesha usingizi saa hizi ni kitambaa. Nimepokea jora la buluu la sketi za shule, watoto wanafungua Januari, nusu nimeshakata, na mchana nilifua kipande cha majaribio pamoja na shati jeupe. Kinachuja. Maji yamekuwa buluu tupu na kola ya shati imebaki na doa. Muuza jora hapokei simu tangu saa tisa, na hela za wazazi nimeshazinunulia zipu na vifungo.