Kutoka Mokowe hadi Mkunguni

Basi kutoka Mombasa lilitushusha Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, alasiri, miguu imekufa ganzi. Nilishuka gatini, nikapanda mashua ya injini na kukaa karibu na nahodha, mzee mpole aliyeshika usukani kwa vidole viwili.

Siku tatu kabla yake, Kilindini, bandari ya Mombasa, nilikuwa nimewaona wageni wa meli ya watalii wakishuka na kuingia moja kwa moja kwenye mabasi ya mbugani. Jioni walirudi, wakala na kulala melini. Bandari ililipwa ada zake, rubani wa meli akapata riziki, madereva nao wakapata yao. Lakini safari ile ya mbugani wengi wao waliinunua wakiwa melini, na meli ilikata fungu lake kabla shilingi haijagusa nchi kavu. Hilo lilinikaa moyoni njia nzima.

Nikamuuliza nahodha, "Mzee wangu, meli za wageni zikija huku mtafaidika?"

Alinyoosha mkono upande wa Kililana, kwenye bandari mpya ya Lamu iliyofunguliwa 2021. "Mwanangu, kina kipo. Swali ni nani atawavusha hao wageni."

Nadhani amegusa kiini cha jambo. Meli ni hoteli inayotembea: chakula kimo, kitanda kimo, duka limo. Mji unaovuna sana ni ule ambao safari inaanzia, kwa kuwa abiria hulala hotelini kabla ya kupanda, na meli huweza kununua mboga, samaki na maji hapo. Mji wa kupitia tu hupata saa chache, kwa hiyo kila saa ipite mikononi mwa wenyeji: mashua za kuvusha ziwe zao, waongozaji wawe vijana wa mji huohuo, na wali wa nazi uliwe kwa mama anayeupika. Mabaharia nao wasisahaulike. Wakipewa likizo ya kushuka hutafuta chakula cha moto, intaneti na zawadi za kupeleka kwao.

Tuliposhuka Amu, mji mkongwe wa Lamu, punda aliyebeba mawe ya matumbawe alinibana ukutani. Vichochoro hivi, vilivyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, haviwezi kumeza watu elfu tatu kwa mpigo. Kule Venice, serikali ya Italia ilifikia kuzizuia meli kubwa zisipite mbele ya mji, mwaka 2021 huohuo. Mimi ningeomba meli ndogo, za watu mia mbili hivi, zije mara nyingi.

Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome, nilikaa barazani na mshona kofia. Kofia aliyokuwa nayo mapajani ilikuwa imemchukua wiki kadhaa, tundu kwa tundu. Nilimweleza habari za meli. Hakuuliza wageni ni wangapi.

"Watakaa kwa saa ngapi?"

"Nane, pengine kumi."

Alivuta uzi, akafikiri. "Basi wasipitishwe mbio hapa. Mtu akikaa nami dakika kumi akaona sindano inavyokwenda, hanipunguzii bei."