Rafu ya vitabu vya zamani: nilipofika mpaka sasa

Rafu imeanza kueleweka. Lengo halijabadilika: riwaya na vijitabu vya Kiswahili vilivyotoka kabla ya 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na shirika lake la uchapishaji, East African Literature Bureau, likaenda nayo. Ukishika vitabu vya zama hizo, jina la shirika hilo utalikuta mara kwa mara, au lile la tawi lake, Eagle Press.

Aliyeingia karibuni ni Mzimu wa Watu wa Kale, cha Muhammed Said Abdulla. Kilitoka mara ya kwanza 1960. Hii yangu ni chapa ya baadaye, lakini silalamiki. Nilikikuta Posta, Dar es Salaam, kimelaliwa na rundo la vitabu vya uhasibu. Muuzaji akaanzia elfu kumi. "Bosi, hiki hukipati tena." Nikamwonyesha mgongo uliopasuka, tukamalizana kwa elfu sita, ingawa kusema kweli alikuwa na haki ya elfu kumi yake.

Ndani ya jalada kuna majina matatu, kila moja limekatwa na aliyefuata: wino wa bluu, kisha penseli, kisha kalamu nyekundu. Huyo wa kalamu nyekundu ameongeza, "Ukiazima rudisha." Hakikurudishwa, bila shaka, ndiyo maana leo kiko kwangu.

Watu hudhani kitabu adimu ni kile kilichochapwa nakala chache. Kwa vitabu vyetu naona mara nyingi ni kinyume chake. Kamusi nene ya Oxford ya 1939 nimekutana nayo ikiwa nzima kabisa, kwa sababu ilikaa mezani ofisini ikifunguliwa kwa adabu. Bwana Msa, yule mpelelezi wa riwaya za Abdulla, yeye alizungushwa bweni zima, akasomwa kwa kibatari, akakunjwa akatiwa mfukoni. Vilivyopendwa ndivyo vilivyokwisha. Kwa hiyo kurasa zenye alama za vidole hazinipi shida. Kisichonunuliwa kwangu ni kitabu chenye muhuri wa maktaba ya shule usio na alama ya kuondolewa. Hicho kina mwenyewe.

Kazi ya mikono: vijitabu vyembamba vilibanwa kwa pini za chuma, na hewa ya pwani haina huruma na chuma. Kutu hula karatasi kuzunguka pini mpaka ukurasa unachomoka. Nainua miguu ya pini kwa kisu butu, naitoa bila kuvuta, kisha nashona kwa uzi wa pamba nikipita kwenye matundu yale yale. Palipochanika naweka karatasi laini na uji wa unga wa ngano. Selotepu haigusi kitabu changu: baada ya miaka gundi yake hugeuka kahawia, na doa halitoki.

Kila mgeni hupitia friza kwanza, ndani ya mfuko uliofungwa hewa isipite, kwa ajili ya wadudu. Akitoka haufunguliwi mpaka baridi iishe, ili umande ushike mfuko na si karatasi. Nyumbani wamezoea, ila swali la kwa nini samaki wanabanana na riwaya bado huulizwa.

Kinachonikosesha usingizi sasa ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare. Ninayo ya 1969, Juliasi Kaizari. Ile ya kwanza, ya 1963, ilitoka kwa jina la Julius Caezar, na Mwalimu aliipitia upya kabla ya kuitoa tena. Nataka niziweke pamoja nisome mstari kwa mstari nione alichobadilisha.

Mzee mmoja wa Tanga, mwalimu mstaafu, ameniambia anayo sandukuni. Nilipomtajia bei akacheka. "Mwanangu, njoo kwanza ukione, mambo ya bei hayazungumzwi kwenye simu." Naenda mwisho wa mwezi. Nauli ya kwenda na kurudi itazidi thamani ya kitabu chenyewe, na mpaka sasa hajatamka kwamba anauza.