Kichupa cha Tisa

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kujifunza uainishaji wa Chironomidae, yaani familia ya wadudu wanaofanana sana na mbu lakini hawaumi kwa kuwa vinywa vyao havina cha kutobolea ngozi, nilitengeneza slaidi 43 za mabuu wekundu kutoka bwawa moja, na kwenye lebo ya kila slaidi nikaandika jina la spishi ile ile. Niliandika kwa wino.

Sikuwa nimefanya kazi ovyo. Kila buu nilimtenga kichwa, nikakiloweka katika myeyusho wa asilimia 10 wa potasiamu hidroksidi mpaka misuli ikayeyuka na kubaki gamba tupu, kisha nikakilaza chali katika zeri ya Kanada, utomvu angavu wa kubandikia slaidi, ili bamba la meno lililo upande wa chini lionekane wazi. Kichwa kikilala upande hata kidogo, meno hufunikana na hayahesabiki tena. Vya kwangu vilikaa sawasawa. Katika vyote niliona jino la katikati lenye ncha tatu na meno sita kila upande, na kushoto na kulia mabamba mawili yenye mistari myembamba, yaliyotanda kama pepeo. Na kwenye pingili ya nane ya tumbo la kila buu palikuwa na jozi mbili za vijirija laini. Nilifuata ufunguo wa utambuzi, yaani mfululizo wa maswali ya alama za mwili, hatua kwa hatua, nao ukanifikisha kwenye jenasi ya Chironomus pasipo shaka. Hapo ndipo nilipopaswa kusimama. Badala yake nilichukua orodha ya spishi zilizokwisha kupatikana katika maji ya aina ile, nikachagua moja iliyoelekea kufaa.

Mwalimu aliyenisimamia alitazama slaidi tatu tu kwenye hadubini. "Jina la kwanza, la jenasi, ninaliona," aliniambia. "Nionyeshe kilichokupa jina la pili, la spishi." Sikuwa na cha kumwonyesha. Hakunikemea, aliuliza kama mabuu wengine walikuwa bado hai, na nilipomjibu kwamba wamo katika beseni, akaniletea vichupa 12 vya kioo. "Mweke kila mmoja peke yake, mwanangu, na usitupe chochote atakachokivua."

Sababu yake niliielewa polepole. Spishi nyingi za familia hii zilielezwa kwanza kwa madume waliokomaa, na alama zinazozitenganisha zimo hasa kwenye ncha ya tumbo, katika koleo ambalo dume humshikia jike na viambatisho vilivyo kati ya mikono ya koleo hilo. Buu hana kitu hicho. Ndani ya Chironomus zimo spishi ambazo mabuu wao hawatofautishiki kwa umbo hata kidogo, na wataalamu huwatambua kwa kuhesabu na kulinganisha mistari ya kromosomu kubwa zilizo katika tezi zao za mate. Asiye na ujuzi huo hana budi kumlea buu mpaka awe mdudu kamili, ili ngozi ya buu, ngozi ya bundo (hatua iliyo kati ya buu na mdudu kamili) na dume mwenyewe viwe ushahidi wa kiumbe mmoja.

Vichupa vitano havikutoa kitu. Mabuu wengine walikufa, na bundo mmoja alikwama katikati ya kujivua. Katika kichupa cha nne alitoka dume, nami nikamtayarisha nikiwa na hakika kwamba atathibitisha lebo zangu. Wa kichupa cha tisa alitoka usiku, nikiwa nimeketi mbele yake. Bundo alipanda juu akitikisa vishada vyake vyeupe vya kupumulia, ngozi ikapasuka mgongoni, na katika muda usiotosha hata kuvuta kiti karibu, dume akawa amesimama juu ya ngozi yake mwenyewe kama aliyesimama juu ya mtumbwi, vipapasio vyake vikifunguka na kuwa kama manyoya. Sijawahi kuzoea kulitazama jambo hilo. Nilimwacha hadi kesho yake jioni ili mwili ukauke na rangi itulie, maana dume aliyehifadhiwa mapema mno hubaki laini na kupauka, na vipimo vyake havitegemeki.

Nilipoweka ncha ya tumbo lake chini ya hadubini niliona kiambatisho cha juu kikiwa kipana, chenye umbo la wayo wa mguu. Cha dume wa kichupa cha nne kilikuwa chembamba, kimepinda kama ndoana. Nilizibadilisha slaidi hizo mbili mara nyingi, nikitumaini kwamba moja imelala vibaya. Kisha nikarudi kwenye vichwa vya mabuu walikotoka, nikavipima na kuvihesabu meno, na sikupata tofauti yoyote.

Bwawa lilikuwa na spishi mbili, labda zaidi, na slaidi zangu 43 hazikuwa na namna ya kugawanywa. Nilianza kubandua lebo. Mwalimu alinizuia, akafungua sanduku lake la slaidi za zamani na kunionyesha moja yenye lebo mbili: ya kwanza ilisema Tendipes, ya pili Chironomus. Yote mawili ni majina ya jenasi ile ile, na aliyatoa Meigen, mtaalamu wa wadudu wa Ujerumani, la kwanza katika kijitabu cha mwaka 1800 na la pili mwaka 1803, na wataalamu waligawanyika juu ya lipi litumike mpaka tume ya kimataifa ya majina ya wanyama ilipokibatilisha kijitabu kile mwaka 1963. Lebo ya kale haiondolewi, alisema. Mpya huwekwa kando yake.

Kwa hiyo jina langu la wino bado lipo kwenye slaidi zote 43, na kando yake pameandikwa "Chironomus sp.", yaani spishi haijatambuliwa, pamoja na tarehe. Dume wa kichupa cha nne alipata jina miezi kadhaa baadaye. Wa tisa hajalipata, na slaidi yake ndiyo ninayoitoa kwanza kila ninapopata maelezo mapya ya madume wa jenasi hii.