Mche wa dukani na mche wa kitaluni

Jamani hili limeniuma. Nilinunua mche wa mlimau duka kubwa la bustani, una maua, majani yanang'aa, nikaupenda palepale, kufika nyumbani nautoa kwenye kopo nakuta mizizi imejizungusha mpaka chini kama kamba, udongo hata hauonekani, na haukukaa sana ukanyauka. Wa pili nikaufuata kitaluni kwa jamaa anayeotesha michungwa na milimau tu. Huyo akanionyesha pale ulipounganishwa, yaani kikonyo cha mlimau kilipopachikwa juu ya shina la mche mwingine, akasema kovu lile nisilifukie na machipukizi yakitokea chini yake niyatoe mapema. Mche wenyewe mfupi, hauna hata ua moja, ila mizizi myeupe, imesambaa vizuri! Dukani nitarudi kununua makopo na mbolea, miche hapana.