Kura yangu ya kwanza, Winooski

Machi 1, 2022, sisi wenye grini kadi, kibali cha kuishi Marekani bila kuwa raia, tuliruhusiwa kupiga kura Winooski, mji mdogo wa jimbo la Vermont. Si kura ya rais wala ya Congress, bunge la taifa. Ni ya mambo ya mji tu: madiwani, kamati ya shule, bajeti. Wakazi walilipitisha jambo hilo Novemba 2020, gavana Phil Scott akalikataa kwa veto, na Juni 2021 bunge la jimbo likaipindua veto yake.

Usiku wa kuamkia siku ile tulibishana mezani hadi chai ikapoa. Baba mdogo alikuwa amekataa katakata. Sheria ya 1996 aliijua kuliko mimi: asiye raia akipiga kura ya kitaifa anaweza kufungwa hadi mwaka mmoja, na kufukuzwa nchini. Nikamwambia hii ya kesho ni halali. Akasema fomu ya uraia ya wakati ule iliuliza kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura Marekani, iwe ya taifa, ya jimbo au ya mji.

"Nitajibu ndiyo, sidanganyi," alisema. "Halafu nianze kumfundisha afisa sheria za Winooski? Mimi?"

Nilikosa la kusema. Kwenye runinga wanasiasa walilalamika kwamba wageni wanaiba uchaguzi, na huku nyumbani kwetu mgeni mwenye ruhusa kamili alikuwa anaogopa hata kuandikwa daftarini.

Mimi nilikwenda. Ushujaa haukuwepo, ilikuwa hamu tu. Kongo ilipochagua 2006 na 2011 nilikuwa Nyarugusu, kambi ya wakimbizi nchini Tanzania. Watanzania walipochagua 2010 na 2015 nilikuwa huko huko, naona magari ya kampeni yakinipita kama arusi ya watu nisiowajua.

Daftari letu lilikuwa peke yake, limetengwa na la raia. Mama aliyelishika aliniuliza jina na mtaa, basi. Nilianza na bajeti ya shule kwa sababu hiyo niliielewa: humo ndimo wanamolipwa walimu wanaowafundisha wanangu Kiingereza. Wagombea wengine wa udiwani sikuwajua hata kwa sura, nikawaacha. (Baadaye nilisoma kwamba zamani majimbo mengi ya Marekani yaliwapa wahamiaji kura, na Arkansas ndiyo ikawa ya mwisho kuacha, mwaka 1926. Hilo sikulisikia kwenye runinga.)

Niliporudi, baba mdogo hakutaka kujua nimemchagua nani.

"Wamekupa risiti?"

"Wamenipa stika, baba."

Aliitazama, akaigeuza nyuma, akacheka sana. Kisha akaniagiza nikachape ile sheria ya mji, kurasa zote, pamoja na tarehe ambayo bunge liliipitisha, nizitie kwenye faili langu la uhamiaji. Nakala mbili, alisema. Moja ya afisa, na moja ya wakili, ikifika huko.